Sailensa Haijatulia

Kijiko kiligonga kikombe cha bati mara moja, kikanyamaza. Filister alikikamata kwa vidole vyote na kutega sikio, asije akawa amemwamsha mjukuu wake. Jogoo alikuwa bado hajawika, na Rodi Kopany nzima ilikuwa imejifunika shuka. Hakutaka Cephas aamke kabla yeye mwenyewe hajajua ataanzia wapi. Lakini chai ilipochemka mlango ulisukumwa, kijana akaingia akipikicha macho, akamwita bibi yake kwa Kijaluo.

"Dani, hii ni chai ya kuficha nani?"

"Kaa, nyakwara, mjukuu wangu. Leo utanipeleka Masara. Kwa Boaz."

Cephas alisimama na kikombe mkononi. Jina hilo halikuwa limetajwa katika nyumba ile tangu msimu wa kupanda.

Kabla ya hapo Boaz alikuwa kama mtoto wa nyumba hiyo. Alikuwa kijana wa Kikuria, fundi katika gereji ya Ogeto mjini Migori, na alikuwa akija kumtembelea Cephas wikendi na kula samaki mpaka miiba. Cephas alikuwa na gari la kubebea maharusi, Toyota ndogo kuukuu aliyoishusha chini, akaipaka rangi ya maziwa na kuitilia injini kubwa kuliko yake. Boaz ndiye aliyemfungia bomba pana la kuvuta hewa, kwa sababu Cephas alitaka injini ipumue kama mkimbiaji. Tangu siku hiyo, gari likisimama lilitetemeka. Mngurumo ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, kama mtu mwenye homa. Mwishowe likazimika mbele ya kanisa kule Magunga, bibi harusi akiwa ndani na kwaya imeshaanza kuimba. Baba mkwe alilisukuma akiwa amevaa suti. Jioni hiyo hiyo Cephas alikwenda kwa Ogeto, akamwambia mbele ya wateja kwamba fundi wake ni tapeli. Boaz akafukuzwa kazi.

"Unaikumbuka ile simu?" Filister aliuliza. "Ile aliyopiga Boaz wewe ukioga, kabla ya harusi ya Magunga?"

"Naikumbuka sana. Sailensa yangu ilikuwa mpya, na yeye anataka ninunue ingine."

"Hakusema ununue. Hayo niliyaongeza mimi."

Cephas akakaa.

Filister alimweleza polepole, macho yake yakiwa kwenye moto. Siku ile kuku walikuwa wameingia kwenye mahindi aliyoanika. Alikuwa akiwafukuza kwa mkono mmoja, simu iko mkono wa pili, na Boaz anaongea Kiswahili cha mbio. Alisema sailensa haijatulia, kuna mahali panavuta hewa, Cephas arudi amwangalilie bure. Filister alilishika lile neno moja tu. Sailensa alikuwa anaijua: ni lile dude la chini ya gari, la kupunguza kelele, ambalo Cephas alikuwa amelisifu wiki nzima. Hivyo Cephas alipotoka bafuni, yeye akamwambia, "Boaz anasema sailensa yako ni mbovu, ununue ingine." Ile ya kununua aliitia tu ili maneno yakamilike, kama mtu anavyoongeza chumvi bila kuonja.

"Sasa juzi sokoni," akaendelea, "kulikuwa na dereva wa lori la vitunguu, mtu wa ng'ambo ya mpaka. Lori linanguruma limesimama. Anamwambia mwenzake, sikiliza, sailensa imetulia. Nikamuuliza, mwanangu, umeionaje na hujainama chini? Akacheka. Akasema kwao sailensa ni injini ikinguruma yenyewe hujakanyaga mafuta. Lile dude la chini wao wanaliita ekzosi."

"Na Boaz alijifunzia ufundi Tarime, ng'ambo hiyo hiyo," Cephas alisema kwa sauti ndogo.

"Tarime. Ndiyo."

"Juzi gani, Dani?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Haikuwa juzi. Soko lilikuwa limekuja likapita, likaja tena, na yeye amenyamaza. Alijiambia kwamba maji yaliyomwagika hayazoleki. Kisha Liz, jirani yake anayepeleka dagaa wa omena Masara kuuza, akamwambia amemwona Boaz huko machimboni akitengeneza mashine za kusagia mawe ya dhahabu, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Usiku huo akaamua kwenda.

Cephas hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alimaliza chai yake, akasema, "Si wewe uliyeenda kwa Ogeto, Dani. Mimi nilikuwa na simu mfukoni na sikumpigia rafiki yangu nimuulize." Kisha akaleta mto wa kitandani kwake na kuuweka kwenye kiti cha mbele, kwa sababu gari lilikuwa chini na mgongo wa bibi yake haukupenda mashimo.

Njia nzima hadi Rongo, na kutoka Rongo hadi Migori, kila waliposimama Cephas alishikilia mafuta kwa ncha ya mguu ili gari lisizime. Filister alisikia ule mngurumo ukipanda na kushuka, na kila ulipopanda moyo wake ulipanda nao.

Masara mashine zilikuwa zimeanza kusaga. Boaz alikuwa ameinama juu ya moja iliyozimwa, kitambaa kimefungwa puani. Alimwona Filister kwanza, akakishusha kile kitambaa.

"Dani. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mwanangu. Nimekuja kusema neno."

Rael, mke wa Boaz, alitoka kwenye kibanda cha mabati akiwa amembeba mtoto anayekohoa. Hakutabasamu. Lakini alivuta kigoda, akakipangusa vumbi kwa kanga yake mwenyewe, akamwekea mgeni kivulini. Filister aliliona hilo, na likamfanya aone aibu zaidi.

Akasema yote: kuku, simu, neno, lile aliloliongeza, dereva wa vitunguu, na zile siku za kunyamaza. Hakuficha lolote. Boaz alisikiliza akifuta spana. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Kumbe nilifukuzwa kazi na Kiswahili. Na mimi nimekaa hapa nikifikiri ni Ujaluo wa Cephas, kwamba Mkuria haaminiki."

"Ujaluo pia ulisaidia," Cephas alisema. "Nisamehe, omera, ndugu yangu. Nilikuita tapeli na wewe ulikuwa unaniita nirudi."

Boaz alilikaribia gari. "Fungua boneti," alisema.

Injini ikawashwa. Boaz aliinamisha kichwa, sikio upande mmoja, kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Nani amegusa skrubu ya sailensa?"

"Mimi. Nilikuwa naipandisha isizime."

"Ulikuwa unamlisha mgonjwa ili anyamaze." Akaomba maji ndani ya chupa yenye tundu dogo kifunikoni. "Injini inapimiwa hewa yake mlangoni. Kama kuna nyufa huko ndani, inavuta hewa ya wizi ambayo haijapimwa, na mafuta hayatoshi kwa hiyo hewa. Ndiyo maana inahangaika."

Alinyunyiza maji kwenye kiungo cha kwanza cha lile bomba. Mngurumo haukubadilika. Akafuata mipira midogo ya kupitisha hewa, mmoja baada ya mwingine. Mmoja ulikuwa umelegea klipu, akaukaza, na mtetemo ukapungua kidogo. Kisha akanyunyiza pale bomba linapokutana na injini, upande wa chini usioonekana. Maji yakafyonzwa. Injini ikajikwaa, na kwa kitambo kidogo ikatulia kabisa. Halafu ikaanza tena kuhangaika.

Boaz alizima gari. Alifungua nati, akavuta gasketi, karatasi nene ya kuziba kiungo, iliyokatwa kwa mkono, akaiinua kwenye mwanga. Pembe moja ilikuwa fupi, ikaacha upenyo wa hewa kupita.

"Hii niliikata mimi," alisema. "Jioni, nikiharakisha. Nikiwa kitandani nikaikumbuka, ndiyo nikapiga simu asubuhi."

Rael, aliyekuwa akimbembeleza mtoto, alisema, "Hukuniambia kasoro ilikuwa yako."

"Ningekuambia nini? Nilikuwa nimeshafukuzwa."

Akakata nyingine bila haraka, akiipimia juu ya chuma chenyewe, Cephas akimshikia. Ilipofungwa, akarudisha skrubu mahali pake. Gari likanguruma sauti moja, ya chini, isiyoyumba.

Cephas hakusubiri. Alimpigia Ogeto pale pale, sauti ya simu ikiwa wazi, akamwambia amemsingizia mtu, na yuko tayari kuja kusema hivyo mbele ya wateja wale wale. Ogeto alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema amesikia, na aje aseme. Lakini nafasi ile ilikuwa tayari na mtu, kijana mwenye watoto, naye hawezi kumtoa.

Boaz alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa hali ya hewa, akarudi kwenye mashine yake. Filister alimtazama mgongoni. Alikuwa amekuja akidhani neno likirudishwa mahali pake, na vitu vingine vitarudi.

Alikaa mpaka jua likageuka. Alimchukua yule mtoto, akamsugua kifua kwa mafuta aliyokuwa nayo mkobani, akamwimbia kwa Kijaluo mpaka akalala. Rael alimwangalia huku yeye akikatakata mboga, akauliza mafuta hayo yanapatikana wapi, akauliza pia kama Rodi Kopany kuna vibanda vya kupanga kando ya barabara, fundi afanyie kazi, maana magari hupita mengi huko. Filister alisema vipo, na kwamba ataulizia mwenyewe. Hakuahidi zaidi. Ahadi nazo alikuwa ameanza kuziogopa.

Cephas alipowasha gari, Rael alimsindikiza Filister, akamshika mkono wakati wa kuingia kwa vile kiti kilikuwa chini.

"Mama," alisema, bado hajatabasamu sawasawa, "sijamaliza kukasirika."

"Najua, mwanangu."

"Lakini mtoto amelala. Hajalala hivyo siku nyingi." Aliinama dirishani. "Uje tena. Usingoje gari liharibike. Uje tu, tukae."