Matriksi Zinazoposana

Programu ya Lulu ilikuwa na kasoro moja: haikujua kukataa. Ukiipa matriksi mbili, yaani majedwali ya namba yenye mistari na safu, inazizidisha hata zisipolingana, yaani idadi ya safu za moja isipokuwa sawa na ya mistari ya nyingine; palipopungua inajaza sifuri. Wiki iliyopita wanafunzi wa Mwalimu Mosi, pale Kerege, walinakili jibu la uongo wakaligombea kama urithi. Mwalimu akamwambia Lulu kwa upole kwamba Jumamosi ataijaribu mara ya mwisho. Ikivuruga tena, basi, darasa halitaitumia.

Lulu akaitia ukali: zisizothibitika kulingana zikataliwe. Kumbe sasa ikakataa hata matriksi ambazo ukubwa wake ni herufi tu, m na p, na hesabu za herufi ndiyo kazi yake hasa. Akakaa barazani kwao Mapinga, kaikodolea macho skrini, chai inapoa.

Pembeni bibi yake, Bi Miza, alikuwa akichagua mchele kwenye ungo huku akilalamika juu ya mwanawe Shihab, baba yake Lulu. Watu wa Mlingotini walikuja kumposa Jasmin, dada yake Lulu, naye Shihab akawajibu palepale kuwa haiwezekani, eti ukoo wao haujui. Hata kahawa hawajamaliza.

"Unayejua hafai, mwambie leo, na sababu umpe," alisema Bi Miza. "Anayefaa, karibu. Usiyemjua unamwambia posa tumeipokea, tutauliza. Hafukuzwi mtu kwa kutojulikana."

Lulu aliinua kichwa. "Bibi, hilo la mwisho lirudie."

"Una nini, mke mwenzangu? Na wewe umeposwa?"

Lulu akacheka, akainamia kompyuta. Adhana ya magharibi ikamkuta bado anaandika, uso umemkunjuka.

Jumamosi Mwalimu Mosi aliketi mwenyewe. Akaweka matriksi ya safu tatu, akaizidisha na ya mistari miwili. Skrini ikaandika: "Hazizidishiki. Ya kwanza ina safu tatu, ya pili ina mistari miwili." Akaweka safu m kwa mistari p. "Zitazidishika iwapo m ni sawa na p. Nasubiri." Akaipa m nne na p nne, jibu likaja, sahihi.

Akalikagua kwa kidole, namba baada ya namba. Kisha akaiburuta meza ya kompyuta hadi katikati ya darasa, akawaambia wanafunzi wasogeze viti.