Spika ya Kulia

Shimba alipostaafu kazi ya mitambo katika kiwanda kimoja cha samaki kando ya ziwa, majirani zake wa Buswelu walidhani angenunua pikipiki au angejenga vyumba vya kupangisha. Yeye akanunua redio.

Haikuwa redio ya kubeba mkononi. Ilikuwa risiva ya zamani, redio na amplifaya ndani ya kasha moja la mbao, uso wake wa bati jeupe linalong'aa, vitufe vizito vya kuzungusha, na kioo chembamba cha namba za stesheni kinachowaka kijani ukiiwasha. Alipokuwa na miaka kumi na saba aliiona ya namna hiyo sebuleni kwa meneja wa kiwanda cha pamba kule Magu, alikokuwa akipeleka maziwa. Alisimama dirishani akasikia gitaa likitokea upande huu na ngoma upande ule, kana kwamba bendi nzima imekaa mle ndani, mpaka mpishi akatoka kumfukuza. Kitu kile hakikumtoka kichwani. Alioa, akasomesha, akazika wazazi, na bado akipita mbele ya duka la vyombo vya muziki alikuwa akipunguza mwendo.

Aliipata Mkuyuni, kwa fundi aitwaye Owiti. Owiti alikuwa mtu wa Rorya, wa miaka kama arobaini, mpole, msemaji mdogo, aliyepanga chumba cha mbele kwenye nyumba ya Mhoja. Mhoja na Shimba walijuana siku nyingi. Waliimba besi pamoja kwenye kwaya ya kigango.

"Mzee, sikufichi," Owiti alisema. "Hii imezaliwa kabla yangu. Niliikuta imekufa, nimekaa nayo miezi minne. Vipuri vingine nimevitoa kwenye mashine nyingine. Lakini pande zote mbili zinapiga."

Akapanga spika mbili mezani, moja juu ya mwenzake, akaunganisha deki na kutia kaseti ya muziki wa dansi. Shimba akafumba macho. Gitaa la solo lilimpitia mwilini kama maji ya moto. Akalipa bila kuomba apunguziwe, akakodi bajaji, spika na deki vikapangwa nyuma, akaenda na kasha mapajani kama anayebeba mtoto kutoka hospitali.

Sebule yake ilikuwa nyembamba. Akaiweka spika moja kwenye ukuta wa kushoto, nyingine kwenye ukuta wa kulia, na kiti chake katikati, kikiitazama redio, kama alivyoshauriwa. Akaiwasha. Kushoto ngoma na besi vilikuja vizuri. Kulia, pale lilipotakiwa kuwa gitaa, kulikuwa na kitu kama mtu anayesemea ndani ya gunia.

Akainamia spika ya kushoto, akatega sikio la kushoto: safi. Akainamia ya kulia, akatega sikio la kulia: mnong'ono tu. Akabana nyaya upya. Akapuliza vumbi. Akarudia. Mnong'ono.

"Nimeuziwa mkweche," akamwambia mkewe.

Bernadeta alitoka jikoni akijifuta mikono, akasimama katikati ya sebule. "Mbona mimi nazisikia zote?"

"Wewe unajua nini habari za stereo?"

Bernadeta akamtazama kidogo, akarudi jikoni.

Kesho yake Owiti alikuja mwenyewe na begi lake la vifaa. Alifungua kasha, akapima, akahamisha spika zenyewe, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, nyaya akiziacha pale pale. Kisha akakaa kwenye kiti cha Shimba, akasikiliza wimbo mzima.

"Sasa je?" Shimba akauliza, alipokwishakaa yeye.

"Mzee, unasikiaje?"

"Vilevile. Kulia imekufa."

"Lakini spika ile uliyosema imekufa sasa iko kushoto, na unaisikia?"

"Basi ugonjwa uko kwenye mashine. Mimi nimefanya kazi na mitambo miaka ishirini na tisa, usinifundishe."

Owiti akainamisha kichwa, akacheza na bisibisi. Alionekana kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. "Huko kiwandani, mzee, ulikuwa sehemu gani? Kwenye kelele?"

"Unataka kusema mimi kiziwi?"

"Hapana, mzee. Nauliza tu. Zote mbili zinalia. Labda ukimwona daktari akuangalie—"

Shimba akasimama. Katika maisha yake alikuwa ametukanwa na wakubwa na wadogo, lakini hakuwahi kuambiwa ndani ya nyumba yake, na mtu aliyemuuzia kitu kibovu, kwamba ubovu uko mwilini mwake. Alimwambia Owiti maneno ambayo baadaye hakupenda kuyakumbuka, na mengine yaliwahusu watu wote wa Rorya. Owiti akafunga begi, akasema, "Samahani, mzee," akaondoka.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini Jumapili, baada ya misa, Shimba alimweleza Mhoja, na Mhoja akamwambia kwamba hata yeye amekuwa na wasiwasi na mpangaji yule. Mwanakwaya mwingine akakumbuka televisheni yake iliyotengenezwa ikaharibika tena. Mwingine akasema mafundi wa namna hiyo huchomoa kipuri kizima na kutia kilichochoka. Kila mmoja alikuwa na chake cha kuongeza, na kila Shimba aliporudia habari yake ilikuwa imenenepa kidogo. Mwishoni alikuwa akisema kwamba alimwona Owiti kwa macho yake akichomoa kitu na kukitia mfukoni. Hakukiona kitu hicho. Lakini aliposema alijiamini kabisa.

Mhoja akaitisha kikao pale pale mbele ya chumba cha fundi. Walikaa watu saba kwenye viti vya plastiki. Owiti alisimama.

"Ama ukubali kwa maandishi kwamba ulimuuzia mzee kitu kibovu," Mhoja alisema, "ama chumba changu ukiachie leo."

"Si kibovu," Owiti akasema. "Niletewe hapa, kila mtu asikilize."

"Kwa hiyo mzee ni mwongo?"

Owiti akamgeukia Shimba. Hakuwa na hasira usoni. Alimwangalia kwa namna ya kuomba, kama mtu aliyeshikwa mkono na mwenye nguvu zaidi. Shimba akaangalia barabarani. Owiti akachukua karatasi, akaandika, akasaini.

Mtu mmoja aliipiga karatasi ile picha, na kabla ya jioni ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, na la soko, na mengine. Wiki ile watu walipanga mstari kwa Owiti, si kupeleka vitu bali kuvichukua, vilivyotengenezwa na visivyotengenezwa. Mwezi ulipoisha Mhoja alimtoa hata hivyo. Alisema chumba kimepata mkosi.

Risiva ilibaki kwa Shimba. Alikuwa akiiwasha na kuisikiliza upande mmoja, kwa uchungu, kama anayekula chakula alichokwisha kukilalamikia.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya masika. Mvua ilikuwa inaingia mlangoni, na Shimba akakigeuza kiti ili aone maji yasije yakafika kwenye zulia. Akakaa, mgongo kwa redio, uso mlangoni. Kaseti ilikuwa inaendelea. Ikamchukua muda kuelewa kilichotokea. Gitaa lilikuwa limekuja. Lile gitaa la solo ambalo halikuwahi kupiga ndani ya nyumba hii lilikuwa linapiga, wazi, kila uzi. Na ngoma zilikuwa zimekwenda mbali, ndani ya gunia.

Akakigeuza kiti tena. Ngoma zikarudi, gitaa likaondoka.

Alifanya hivyo mara nne. Mara ya tano hakugeuka. Akakaa akiwa ameshika mikono ya kiti, mvua ikinyesha, na zulia likalowa mbele ya macho yake.

Bernadeta alimkuta hivyo. Alizima redio, akaja akasimama upande wake wa kushoto.

"Ulijua," Shimba akasema.

"Kanisani nakaa kushoto kwako mwaka wa tatu sasa. Unafikiri kwa nini? Nilikwambia mara mbili twende hospitali, ukaniambia mimi ndiye ninayenong'ona."

"Lakini Owiti... mbona hukuja kwenye kile kikao?"

"Uliniambia sijui habari za stereo."

Hospitali dada mmoja aliyevaa koti jeupe alimwingiza kwenye chumba kidogo, akamvika vidude masikioni na kumwambia abonyeze kitufe kila atakaposikia mlio. Kushoto alibonyeza, akabonyeza. Halafu kukawa kimya. Akangoja kwa adabu. Akangoja sana. Mwishowe akauliza, "Binti, na kulia mnaanza lini?"

"Tumeshamaliza, baba," dada akajibu.

Akamuuliza kuhusu kazi. Shimba akamweleza meza yake ilivyokuwa, na ile kompresa kubwa ya barafu iliyounguruma kuliani kwake, umbali wa hatua mbili, siku zote alizokuwa pale. Vijana wapya waliokuwa wakiziba masikio kwa vidole walichekwa na wazoefu, yeye akiwa wa kwanza kuwacheka. Alikuwa akijisifu kwamba anaweza kuijua afya ya ile mashine kwa kuisikiliza tu. Dada aliandika yote, akasema haitapona.

Juma lile alimfuata Mhoja kuuliza Owiti alikwenda wapi. Mhoja alijibu bila kuinua macho kwenye simu: yuko ng'ambo, Kamanga, anachaji simu za watu. Shimba akapanda kivuko.

Alimkuta karibu na wanapoteremkia abiria, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu, na ubao wa soketi uliojaa waya. Vifaa vyake vya ufundi havikuonekana.

"Shikamoo, mzee," Owiti akasema, akasimama kumpisha kiti.

"Marahaba." Shimba hakukaa. "Owiti, mashine yako ni nzima. Sikio ndilo bovu."

"Najua, mzee. Nilijua siku ile ile niliyokuja kwako."

"Ungelinilazimisha kusikia!"

Owiti akaangalia waya zake. "Ningekulazimishaje? Nilisema kidogo, ukanitukania ukoo. Ningesema zaidi ungenipiga, na mimi singekuinulia mkono mtu wa umri wako." Akapokea simu ya mteja, akaichomeka. "Mke wangu amerudi Shirati na watoto. Vifaa niliviuza ili nipate nauli yao na huu ubao."

Shimba akatoa bahasha aliyokuja nayo. Owiti akairudisha kwa mikono miwili, polepole, kama anayempa mtu kikombe kilichojaa. "Ile pesa ya redio ulinilipa yote, mzee. Hatudaiani."

"Basi nikufanyie nini?"

"Sijui, mzee."

Kwenye kivuko cha kurudi Shimba alijua la kufanya, na lilimtia nguvu. Usiku haukuwa umeingia alipokaa na Bernadeta, yeye akitamka na mkewe akiandika, maana macho ya Bernadeta yalikuwa mazuri zaidi. Aliandika kwenye kundi la kwaya kwamba Owiti hakumwibia. Kwamba hakumwona akitia kitu mfukoni. Kwamba yeye, Shimba, ni kiziwi wa sikio la kulia, na ile karatasi waliyoiona ilisainiwa kwa kulazimishwa. Akaomba kila aliyesambaza picha asambaze na ujumbe huu.

Majibu yakaanza kumiminika, na Bernadeta akamsomea. "Mzee wetu una moyo wa huruma." "Mungu akubariki kwa kusamehe." Alama za mikono inayosali, nyingi. "Huo ndio Ukristo, lakini watu wale tunawajua." Mhoja aliandika: "Mzee amefuatwa na kutishwa. Fundi huyo sasa yuko Kamanga, ndugu zangu wa ng'ambo muwe macho." Na chini ya maneno hayo akaiweka tena picha ya karatasi.

Shimba alimpigia Mhoja, wakagombana kwa sauti mpaka salio likaisha. Jumapili alijaribu kusimama mbele ya kwaya aeleze kwa mdomo wake. Wakampigia makofi kabla hajafika katikati. Mwalimu wa kwaya akamkumbatia.

Siku ya tatu tangu waandike, ukaja ujumbe kutoka kwa Owiti mwenyewe. Bernadeta aliusoma kwanza kimya, kisha akauleta kwenye sikio linalosikia.

"Mzee shikamoo. Nimetumiwa ulichoandika. Nashukuru. Lakini hapa walikuwa hawanijui, na tangu jana wananiuliza kuhusu ile karatasi. Leo sijaletewa simu hata moja. Tafadhali usiandike tena."

"Ufute," Shimba akasema. "Ule wetu. Ufute kwa wote."

Bernadeta akabonyeza hapa na pale, akangoja, akabonyeza tena.

"Muda wake umepita," akasema. "Naweza kuufuta kwetu tu."