Filimbi za Shangazi Sajenti

Uvumi huo niliusikia bombani, ndoo yangu haijafika nusu: kwamba mtu akipuliza filimbi ya polisi jina lake linaandikwa, na siku ya kesi anaitwa mahakamani kusimama uso kwa uso na mwizi. Nikabeba maji, nikapika, nikafua, uvumi nao umenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Aliyeusema ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Tulimwita Mama Redio kwa kuwa hakuwa na swichi ya kuzimia.

"Shoga, shauri yako," aliniambia. "Mimi yangu nimeshaitupa. Mwizi akitoka jela atamtafuta nani? Sajenti mwenye bunduki, au wewe mwenye mwiko?"

Nyinyi akina mama wa sasa filimbi hizo hamkuzikuta, basi niwaeleze. Kituo cha polisi cha mtaani kwetu kilikuwa na sajenti wa kike, mnene, mcheshi, watoto wakimwita Shangazi. Yeye ndiye aliyeleta mpango wa kila nyumba kuwa na filimbi. Jumamosi asubuhi, tukishamaliza kufagia, tulikusanyika uwanja wa kituo kufundishwa. Mlio mmoja mrefu, mwizi. Milio mifupi mifupi isiyokatika, mtoto hajulikani alipo. Ukisikia huulizi ni nani wala kuna nini. Unapuliza vilevile, unatoka, unasimama mlangoni pako. Mlio unakwenda nyumba hadi nyumba mpaka unafika kituoni. Na ikiwa ni mtoto, hakipiti kitu mbele ya mlango wako bila kukaguliwa, hata kiwe kitoroli cha taka.

Tulicheka sana Jumamosi zile. Fundi cherehani wa kona ya barabara kuu, Kibogoyo, hakuwa na meno ya mbele. Akipuliza, upepo unatoka, mlio hautoki.

"Baba, hiyo ni filimbi au unapoza chai?" Shangazi alimtania.

"Meno yamehama, Sajenti, ila mapafu yamebaki."

"Basi wewe gonga chochote."

Akawa anagonga geti la bati kwa mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa. Hadi leo nikisikia chuma kikigongwa mahali, moyo wangu unarudi uwanjani pale, kwenye vumbi la asubuhi na watoto wanaokimbizana kuzunguka mlingoti wa bendera.

Uvumi ulipoingia, uwanja ukapungua watu. Wengine walitundika filimbi misumarini, wengine wakawapa watoto wakachezee mpira. Mtaa mzima ukalia filimbi za magoli, mpaka masikio yakazoea kutostuka. Shangazi alisimama uwanjani na akina mama wachache, akasema, "Leo mmekuja kiduchu, wapenzi wangu." Hakuna aliyemwambia sababu. Mume wangu aliniambia niifiche yangu. Sikuificha, lakini niliivaa ndani ya gauni, na kila nilipoigusa niliuona uso wa mwizi nisiyemjua.

Basi Mama Redio akawa anahama, mumewe kapata kazi mbali, safari ya kutwa. Binti yake na kitinda mimba wangu walikuwa kama chanda na pete, wamelia tangu asubuhi. Mchana jua likiwa kali tuliagana, lori likaanza kunguruma. Nikaingia ndani kumwita binti yangu aje apunge mkono. Hayupo chumbani. Hayupo uani. Hayupo chooni. Nikatoka nje nikiita jina lake, na lori lilikuwa limekwisha ondoka.

Nikaitoa filimbi kifuani, nikapuliza. Mifupi, mifupi, mifupi. Nikanyamaza nisikilize.

Kimya. Jirani mmoja alichungulia dirishani akasema, "Ah, watoto na mpira wao," pazia likarudi.

Nikapuliza tena huku nakimbia, machozi yameingia ndani ya filimbi. Ndipo kutoka kule konani nikasikia: kwa! kwa! kwa! Mkasi juu ya bati. Mtoto hachezi mpira kwa mkasi wa fundi. Mlango wa kwanza ukafunguka, filimbi ikajibu. Wa pili ukajibu. Zile zilizokuwa misumarini zikalia zote, mtaa ukawa kama mti wenye ndege elfu.

Nilipofika kona, lori limesimama. Kibogoyo alikuwa ameweka kigoda chake cha cherehani katikati ya njia na kukikalia.

Mama Redio katoa kichwa dirishani. "Fundi, tupishe! Kwani mimi mwizi wa watoto?"

"Sijasema mwizi, mama. Nimesema hakipiti kitu."

"Unanijua miaka yote!"

"Lori silijui."

Dereva akashuka akinung'unika, akafungua kamba za nyuma. Tukashusha godoro la kwanza. Kati ya la pili na la tatu ndimo alimokuwa mwanangu, amejikunja, nywele zimelowa jasho, midomo mikavu, anahema kama kifaranga. Tulimmwagia maji. Akafumbua macho, akauliza, "Mama, tumeshafika?"

Mama Redio alikaa chini pale pale barabarani, na nguo yake ya safari. "Ningefika na maiti," alisema. "Mimi mwenyewe ningembeba." Hakusema lingine, yeye ambaye hakuwa na swichi.

Shangazi alikuja mbio, mguu mmoja kiatu, mmoja ndara. Alipokwisha kumshika mtoto paji la uso nikamuuliza lile lililonikaa kooni: je, nitaitwa mahakamani?

"Ukatoe ushahidi gani? Kwamba mtoto kalala?" Akacheka, kisha kicheko kikamwishia. "Mmenong'onezana mtaa mzima, na kituo changu hakina hata mlango wa kufunga. Mbona hamkuniuliza?"

Baadaye alihamishwa. Uwanja wake sasa umejaa pikipiki zilizokamatwa, zinaota kutu. Kibogoyo hatunaye. Binti yangu mwenyewe ni mama, na nikimtajia filimbi ananiambia, "Mama, siku hizi tuna kundi la simu, na polisi wamo." Namuuliza, likilia nani anatoka mlangoni? Anacheka, anambusu mwanawe.

Basi nawaandikia, yeye na wenzake:

Msichukue neno la bombani kabla ya kumuuliza mwenyewe anayetajwa.
Msimpe mtoto kuchezea kitu cha kuitia msaada.
Msimcheke anayegonga bati.
Msirudishe pazia.
Msiruhusu lori liondoke kabla ya kuhesabu watoto.
Msisubiri wa kwanza ajibu ndipo mjibu.