Godoro Chini ya Ngazi

Kila Jumamosi alasiri, mume anapokuwa sebuleni akiifuta projekta vumbi kwa fulana kuukuu, yule mwanamke wa kwenye filamu hutoka na kuja jikoni kupumzika. Huvua viatu mlangoni. Mke humpa kigoda na chai, wakamenya vitunguu pamoja, maana wageni wa mume hula sana.

Ni filamu ya kutisha ya zamani, nakala pekee iliyobaki, na mume anaipenda kuliko mikanda yake yote. "Filamu inayojulikana na kila mtu haina utamu," husema. Zimwi lake ni mtu aliyevaa gunia, halimtishi hata mtoto. Lakini mwanamke anaanguka kutoka ngazini, na mayowe yake si ya kuigiza. Ngazi ilivunjika kweli, akafa kweli, mpiga picha hakuzima kamera. Wakusanyaji wote wa filamu za zamani wanalijua hilo, na ndilo linalowaleta.

"Dada, nimechoka," mwanamke alisema Jumamosi moja, akijikanda kiuno. "Leo tu nisianguke."

"Nimeshamwambia. Anasema bila kipande hicho hakuna filamu. Mkuki kwa nguruwe, mwenzangu."

Mke alimwonea uchungu. Akaenda chumbani, akalivuta godoro la kitandani, akamtwisha. Mwanamke akarudi kazini nalo kichwani, akiinama kidogo mlangoni.

Safari hiyo alianguka kimya. Sebuleni mtu akakohoa.

"Shemeji!" wageni wakaita. "Umetuharibia!"

Mume akaja jikoni, na mwanamke nyuma yake, godoro kichwani. Mume akamgeukia, akamwamkia kwa adabu kama kila wiki.

"Samahani, mama. Watu wametoka mbali."

"Basi panda wewe hiyo ngazi!" mke akafoka.

"Mimi simo kwenye filamu," mume akajibu. Akarudi kwa wageni wake.

Mwanamke akalitua godoro. "Shika, dada. Usigombane naye kwa ajili yangu. Wewe ndiye unayeishi naye." Akamalizia chai yake, akasuuza kikombe, akaenda.

Mkanda ukarudishwa nyuma. Mke alikuwa chumbani akichomeka shuka pembeni mwa godoro mayowe yalipokuja. Wageni wakapiga makofi, kisha mmoja akaomba irudiwe.

Mke akaenda kubandika chai nyingine.