Waya wa Kuchokolea Koki

Baridi ya Bulunkul, kijiji cha juu milimani, haina adabu. Hupasua mawe, sembuse chuma. Ndiyo maana kila jioni Mzee Mamadnazar aliyamwaga maji yote ya kupozea injini ya gari lake, jipu la Kirusi, na kila asubuhi akalijaza mengine ya moto. Dawa ya kuzuia maji yasigande ipo, kwa wenye nazo. Yeye alikuwa na ndoo. Kwa ndoo hiyo, na gasketi za kukata kwenye ngozi ya buti kuukuu, injini ileile ilitimiza miaka arobaini na mmoja ikipanda milima.

Lakini macho ya mzee yalikuwa yamekwisha. Jana jioni alimwita mkwewe Odina, mwalimu wa hesabu.

"Leo gari lilaze wewe, umwage maji. Likiwaka kesho, kadi ya gari nakupa. Likipasuka, Temirbek wa vyuma chakavu atakuja kulikatakata, na sisi tutaanza kuomba lifti uzeeni."

"Baba, kufungua koki nako kunataka shahada?"

Odina akafungua. Maji yakamwagika, yakapungua, yakadondoka tone moja moja, yakakoma. Akaiacha koki wazi, akaingia ndani kunywa chai, roho kwatu.

Asubuhi alitoka na ndoo ya maji ya moto. Waya ulikuwa umening'inia kwenye msumari wake ukutani. Waya! Mzee hakuwahi kumwaga maji bila kuichokoa koki, maana kutu huiziba, na maji yanayobaki ndani yakiganda yanaipasua injini. Kaliua gari, mwalimu mzima, kwa uvivu wa kuinama.

Akapiga magoti kwenye theluji achungulie maiti. Chini ya jipu hakukuta kile kidimbwi alichokiacha. Barafu ilikuwa imetanda hadi gurudumu la nyuma, nyekundu kwa kutu. Pembeni kulikuwa na alama za magoti, madogo kuliko yake.

"Umepoteza nini huko, Mwalimu?" Mkewe Savsan alikuwa nyuma yake na karai la makaa. Akalisukuma chini ya injini ili oili ilainike.

"Ni wewe?"

"Ulipokuwa kwenye chai. Nilikuwa nakanda unga, nikasikia maji yamekoma ghafla. Yakiisha kweli, hukoroma kwanza."

"Hukoroma?"

"Kama wewe." Akakunja mkono wa koti, kovu la kiwikoni likaonekana. "Mkono wa baba haupiti pale kwenye koki. Nachokoa mimi tangu nina miaka saba."

Miaka kumi na miwili ya ndoa, na Odina alidhani lile kovu la kiwiko ni la jiko. Hakuwahi kuuliza. Alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

Savsan alimimina maji, akaweka kiganja juu ya injini, akafumba macho. "Bado," Savsan alisema. Kisha, baada ya muda, "Haya, sasa. Washa."

Odina akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa mara mbili, ikawaka, ikatulia kwa sauti nzito iliyotikisa theluji kwenye paa. Odina alishuka, akasimama kando ya mlango asijue aweke wapi mikono yake. Chuma kizee kuliko yeye kilikuwa kinapumua, na aliyekipa pumzi ana unga kwenye kucha.

Mzee Mamadnazar alitoka akipapasa ukuta, kadi mkononi. Akainyoosha kuelekea mlio wa injini. "Hongera, mkwe. Ichukue."

Savsan aliinama kulivuta karai la makaa. Hilo lilimchoma Odina kuliko tusi.

"Baba, mimi ningeliua."

Akamshika mkewe kiwiko chenye kovu, akausogeza mkono wake hadi kwenye kadi. Vidole vya mzee vikavipapasa vile vya binti yake, vikakuta unga na masizi.

"Huu mkono naujua," mzee alisema.

Odina akazunguka jipu, akapanda kiti cha abiria.