Upande wa Kushoto wa Bibi Siwema

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa bibi yangu ni ushungi wake. Kulia aliusukuma nyuma ya sikio, kushoto aliuacha ufunike. Nilikuwa mdogo, nimeletwa kwake Kijenge baada ya kuacha shule darasa la tano, nikadhani ni urembo. Baadaye nikajua kuwa sikio la kushoto lilikufa kwa matumbwitumbwi, kabla mama yangu hajazaliwa.

Upande ule nikaufanya wangu. Tukichambua mchele kibarazani nilikaa kushoto kwake, nikasema kwa sauti ndogo yote niliyoshindwa kuwaambia watu. Maneno yalikwenda kama moshi unaoingia kwenye ukungu wa Mlima Meru, yakapotea humo. Bibi aliendelea na mchele wake.

Miaka ikapita, nikawa mtu mzima, ndipo wakaja wazee wa Khalfani, muuza mitumba, kuniposa. Bibi aliniita chumbani, akaniuliza kama namtaka. Niliinama. "Sitaki," nilisema, kushoto kwake, kwa pumzi tu. Alingoja, akatabasamu, akarudi kwa wageni.

"Amenyamaza," nikamsikia. "Na kimya cha mwali ndiyo yake."

Vigelegele vikapigwa. Harusi ikapangwa baada ya mfungo, na mimi nikawa natembea kama mtu aliye ndani ya maji.

Siku hizo madaktari wageni walifika mjini na chombo cha kusikia kwa njia ya mfupa. Nilimsindikiza bibi. Muuguzi mmoja, Paskalina, alimfunga utepe kichwani, chini ya ushungi, na kitu kidogo kama kifungo cha koti kikakaa nyuma ya sikio lililokufa.

"Shikamoo, bibi. Sauti inaingia hapa kushoto, inapita kwenye fuvu mpaka sikio lako zima la kulia."

"Marahaba. Mfupa umeanza lini kusikia? Mie naujua kwenye supu."

Paskalina alicheka. "Ukikipenda, daktari atakuwekea skrubu ndogo kwenye mfupa, chombo kishike hapo."

"Skrubu! Kwani mie mlango?"

"Jaribu kwanza, bibi. Kaa nacho nyumbani mpaka wiki ijayo."

Jioni mvua ilishuka kutoka mlimani. Bibi alikaa kibarazani, mikono mapajani, kama anayeota.

"Ummy, mvua imekuwa pana," alisema polepole. "Miaka yote ilikuwa ikininyeshea nusu."

Jirani yetu Najat akapita kushoto, akamwamkia. Bibi akageuka kulia, akaitikia kwa heshima zote.

"Bi Siwema, unaitikia ukuta?"

"Ukuta una adabu kuliko wewe!" Kisha akaniambia, "Sauti zinakuja, lakini zote zinaingia kwa mlango mmoja. Sijui nani yuko wapi."

Najat akaenda zake akicheka. Mvua ikazidi. Ulimwengu wote ulikuwa mweupe, hakuna mlima, hakuna barabara, ila sisi wawili na bati linaloimba.

"Ngoma za harusi yako nitazisikia pande zote," bibi alisema.

"Sitaki," nikasema. Ni mazoea tu, nilikuwa upande wangu.

Bibi akaacha kutikisa mguu. Akageukia kulia, kwenye kigoda kitupu.

"Nani hataki?"

Alikitazama kile kigoda kwa muda mrefu, kama kuna mtu amekaa pale.

"Chombo hiki kinajisemea chenyewe," akanong'ona, na mkono wake ukapanda kwenye utepe kuuvua.

Niliuona ule mkono ukipanda. Ukishafika, upande huu utakufa tena, na mimi nitaolewa kwa kimya nisichokinyamaza. Nikaushika. Ulikuwa wa baridi, mwepesi kama jani. Bibi alikuwa bado ameangalia kulia.

"Bibi, niko huku," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. "Siku ile sikunyamaza. Simtaki Khalfani."