Wabebaji wa Sesilia

Mwezi uliotangulia, dada yake Sesilia alipougua, kijiji kizima cha Vidunda kilikosa wabebaji wa machela. Kila mwanamume, hata shemeji yake Cosmas, alidai mgongo unamuuma. Leo helikopta ya wagonjwa ilikuja na watu wa televisheni, na wanaume ishirini wakagombea machela ya Sesilia huku uchungu wa uzazi ukimbana.

"Achia mpini, Cosmas, unaniziba!"

"Shemeji yake ni mimi, wewe nani?"

"Jamani, nitazaa hapa hapa!" Hakuna aliyemsikia. Sesilia akateremka, akashika kiuno, akajikongoja hadi kwenye helikopta.

Mpiga picha akamkimbilia. "Mama, rudi ulale kwenye machela, tuanze upya."

"Mlaze Cosmas," alisema Sesilia akipanda. "Ndiye mwenye mgongo mbovu."